Thomas Willis, Tabibu Aliyeonja Mkojo

Mwanafunzi wa Baiolojia hukutana na jina la Willis mara moja tu, tena kwa haraka. Ni pale mwalimu anapochora ubaoni lile duara la mishipa ya damu lililo chini ya ubongo, akaandika pembeni: Duara la Willis. Kisha kengele hulia, nasi tukatoka. Nimeona si vibaya kueleza katika gazeti letu Willis huyo alikuwa nani, maana mbali na ubongo aliushughulikia pia ugonjwa ambao siku hizi umo katika nyumba nyingi, yaani kisukari. Tena yako maradhi mawili ambayo madaktari waliyapa jina moja la dayabetisi, na kuyachanganya kumewahi kuwaua watu. Habari za Willis zinatufikisha hapo.

Thomas Willis alizaliwa tarehe 27 Januari, 1621, katika kijiji cha Great Bedwyn, jimbo la Wiltshire, kusini mwa Uingereza. Watu wake hawakuwa matajiri. Alipoingia Chuo cha Christ Church huko Oxford, ilimbidi awe mtumishi wa kasisi mmoja wa chuo hicho ili apate kusoma. Mke wa kasisi huyo alikuwa mpenda dawa, akizichemsha na kuzichanganya nyumbani mwake, na yasemekana kijana Willis alikuwa akimsaidia. Basi masomo yake ya kwanza ya utabibu aliyapata jikoni kwa mama wa watu. Wale waliomjua wanatuambia kwamba alikuwa wa kimo cha kati, mwenye nywele nyekundu za kuiva, na kigugumizi kikubwa.

Mwaka wa 1642 vita vilizuka kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake. Oxford ilikuwa makao ya mfalme, na Willis akashika silaha upande wa mfalme pamoja na wanachuo wengine. Upande wake ulishindwa. Hata hivyo, mwezi wa Desemba 1646 alipewa shahada ya utabibu, baada ya muda mfupi mno wa kusoma. Siku hizo mtu aliyetaka kuwa tabibu alikaa miaka mingi akikariri vitabu vya Galen na wazee wengine wa kale. Vita vilimpunguzia Willis mzigo huo. Mimi nadhani hasara hiyo ilimfaa. Mtu ambaye hakukariri sana hana budi kutazama kwa macho yake.

Mwanzoni hakuwa na wagonjwa. Siku za gulio alikwenda katika miji ya jirani, kama Abingdon, akingojea watu wenye maradhi kama mchuuzi anavyongojea wanunuzi. Farasi wa kumchukua alikuwa nusu yake tu, maana alimmiliki kwa shirika na mwenzake. Na kazi aliyoifanya huko zaidi ya nyingine ilikuwa kutazama mkojo.

Jambo hilo lataka kuelezwa kidogo. Zamani zile mgonjwa wa Ulaya aghalabu hakwenda mwenyewe kwa tabibu. Alitia mkojo wake katika chupa, akamtuma mtumishi au mtoto aupeleke. Tabibu aliinua chupa kwenye mwanga, akatazama rangi, povu na masimbi, akanusa, na pengine akaonja, kisha akataja ugonjwa na dawa. Walikuwako matapeli wengi katika kazi hiyo, waliotabiri kwa mkojo kama wengine wanavyopiga ramli. Willis naye aliishi kwa chupa hizo, lakini mawazo yake yalikuwa mengine. Alitaka kujua mkojo ni kitu gani hasa, umefanywa kwa nini, na unatoka wapi. Mwaka wa 1659 alipotoa kitabu chake cha kwanza, kilichohusu uchachu na homa, alitia ndani yake sura nzima juu ya mkojo.

Kabla ya hapo lilitokea jambo moja lililowafanya watu wote wa Oxford wamjue. Tarehe 14 Desemba, 1650, mtumishi wa nyumbani aitwaye Anne Greene alinyongwa hadharani kwa kosa la kumwua mtoto wake mchanga, ijapokuwa mtoto yule yaonekana alizaliwa kabla ya wakati naye hakuwa hai. Aliachwa akining'inia muda wa nusu saa hivi. Rafiki zake walimvuta miguu ili afe upesi asiteseke. Kisha maiti ilitiwa jenezani, ikachukuliwa kwa matabibu ili wanachuo wajifunze kwayo. Matabibu hao walikuwa Willis na mwenzake William Petty. Walipofungua jeneza wakasikia pumzi inakoroma kooni. Basi waliweka visu chini, wakamsugua mikono na miguu, wakamnywesha vitu vya moto, wakamlaza kitandani pamoja na mwanamke mwingine ili apate joto. Baada ya siku chache Anne Greene alikuwa akila na kuzungumza. Alisamehewa, akaolewa baadaye na kuzaa watoto. Tangu siku hiyo mlango wa Willis haukukosa wagonjwa.

Mwaka wa 1660 ufalme uliporudishwa, Willis alifanywa profesa wa elimu ya maumbile katika Chuo Kikuu cha Oxford. Jambo hili nalitaja kwa ajili ya wale wenzetu wanaojificha nyuma ya dawati wakati wa mijadala: profesa huyu alikuwa yule yule mwenye kigugumizi.

Ndipo alipoanza kazi yake kubwa. Pamoja na mwanafunzi wake Richard Lower na wengine alipasua vichwa vingi, vya watu na vya wanyama. Wazee wa kale waliukata ubongo ukiwa bado umo ndani ya fuvu, kipande kwa kipande kutoka juu. Willis aliutoa mzima, akaugeuza, akautazama chini. Michoro yake ilichorwa na Christopher Wren, ambaye baadaye alijenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London. Kitabu juu ya ubongo kilitoka mwaka wa 1664, nacho kilieleza lile duara la mishipa vizuri kuliko chochote kilichotangulia. Walikuwako waliokwisha kuliona kabla yake, lakini Willis ndiye aliyeuliza lina kazi gani. Alipiga bomba wino katika mshipa mmoja wa shingo, akaona wino unatokea upande wa pili. Tena alipasua maiti ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo, akaona mshipa wake mkubwa wa shingo upande mmoja umeziba kabisa, lakini mtu yule hakupata kupooza wala kupotewa na akili. Damu ilikuwa ikizungukia upande mwingine kwa njia ya duara. Nawaomba wasomaji walikumbuke duara hilo, maana tutalirudia.

Mwaka wa 1667 alihamia London, mji ambao ulikuwa umetoka katika tauni ya 1665 na moto wa 1666. Huko akawa tabibu mashuhuri kuliko wote, akapata fedha nyingi. Na katika wagonjwa wake wa London walikuwako waliokunywa sana, wakikojoa sana, huku wakikonda.

Ugonjwa huo haukuwa mgeni duniani. Waganga wa Bara Hindi wa kale waliuita mkojo wa asali, na walijua kwamba sisimizi huufuata mkojo wa namna hiyo. Aretaeus, tabibu wa Kapadokia aliyeandika kwa Kiyunani, alisema kwamba nyama za mwili zinayeyuka na kutoka pamoja na mkojo. Jina dayabetisi lenyewe ni la Kiyunani, lenye maana ya kitu kinachopita moja kwa moja, kama maji katika mrija. Ibn Sina naye, aliyefariki mwaka wa 1037, alitaja utamu huo. Kwa hiyo vitabu vinavyosema kwamba Willis alikuwa mtu wa kwanza kuutambua si sahihi. Lakini katika Ulaya ya siku zake jambo hilo lilikuwa limesahauliwa, na matabibu walifuata usemi wa zamani kwamba maji anayokunywa mgonjwa wa dayabetisi humpitia tu na kutoka bila kubadilika.

Willis akaonja. Katika kitabu chake juu ya dawa, kilichotoka mwaka wa 1674, alieleza kwamba mkojo wa wagonjwa wote aliowajua haukufanana na maji waliyokunywa hata kidogo, bali ulikuwa na utamu wa ajabu kama uliotiwa asali au sukari. Kwa hiyo aliona kwamba wazee walikosea kabisa. Tena alikataa kwamba ugonjwa ni wa figo. Alisema asili yake imo katika damu. Hapo alikuwa karibu sana na ukweli. Lakini kwa nini mkojo uwe mtamu hakuweza kueleza, naye hakuamini kwamba ni sukari hasa. Aliwapa wagonjwa maji ya chokaa, maziwa na vyakula vizito kama wali, akaona baadhi yao wanapata nafuu kidogo, kisha wanarudia hali yao. Aliandika pia kwamba ugonjwa ulikuwa umezidi kwa sababu ya ulevi wa siku zile, na kwamba huzuni ya muda mrefu huuchochea.

Lakini je, wazee walikosea kabisa? Hapa ndipo penye jambo. Huenda baadhi yao walikuwa wamemwona mgonjwa wa aina nyingine, ambaye mkojo wake kweli ni kama maji. Willis hakupata kumwona, au alimwona asimtambue, akadhani wote ni wamoja.

Willis alikufa London tarehe 11 Novemba, 1675, kwa ugonjwa wa mapafu, naye alikuwa na umri wa miaka 54. Alizikwa katika Westminster Abbey, karibu na wafalme.

Miaka mia moja baadaye, mwaka wa 1776, Matthew Dobson wa mji wa Liverpool alichemsha mkojo wa mgonjwa mpaka maji yakakauka, akabakiwa na unga mweupe wenye harufu na ladha ya sukari. Akaonja na maji ya damu ya mgonjwa, nayo yalikuwa matamu. Baada ya hapo matabibu walizoea kuonja, na kwa kuonja wakagundua kwamba wako wagonjwa wachache wenye kiu ile ile na mkojo mwingi ule ule, lakini usio na utamu wowote. Johann Peter Frank, tabibu wa Kijerumani, aliwatenga wagonjwa hawa waziwazi mwaka wa 1794. Basi yakatokea majina mawili ya Kilatini: melitasi, yaani yenye asali, na insipidasi, yaani isiyo na ladha. Ni majina ya ulimi, si ya chanzo cha ugonjwa. Mtu angeweza kudhani kwamba ni ndugu wawili, kumbe si hata majirani.

Katika dayabetisi melitasi, ambayo ndiyo kisukari chetu, kasoro imo katika sukari ya damu. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, hutoa homoni iitwayo insulini, inayoifungulia sukari mlango wa kuingia katika chembe za mwili. Kongosho ikishindwa kutoa insulini, au mwili ukiwa mzito kuisikia, sukari hulundikana katika damu. Figo huirudisha damuni kwa kadiri ya uwezo wake, lakini ikizidi, hufurika na kuingia katika mkojo. Na sukari haiendi peke yake, huvuta maji nyuma yake. Ndiyo sababu mgonjwa hukojoa sana. Na kwa kuwa amepoteza maji, hushikwa na kiu. Hali akila, chembe zake zina njaa, kwa hiyo mwili huteketeza mafuta na nyama zake wenyewe. Ndivyo Aretaeus alivyoona nyama zikiyeyuka.

Katika dayabetisi insipidasi sukari haina kosa lolote. Kasoro imo katika maji. Katika hali ya kawaida figo huchuja maji mengi mno kila siku, lakini karibu yote huyarudisha mwilini, na mtu mzima hutoa mkojo wa lita moja au mbili tu. Amri ya kuyarudisha hutoka kichwani, nayo huletwa na homoni iitwayo vasopresini. Amri isipotolewa, kwa sababu ya pigo la kichwa, uvimbe, upasuaji au kasoro ya kuzaliwa, figo huyaachilia maji. Pengine amri hutolewa vizuri, lakini figo hazisikii. Baadhi ya watu huzaliwa hivyo, na wengine huharibiwa na dawa kama lithiamu inayotumiwa miaka mingi. Mgonjwa aweza kutoa lita 10 kwa siku, na wengine hata 20, mkojo mweupe kama maji ya mvua. Ugonjwa huu ni wa nadra, hushika mtu mmoja hivi kati ya watu 25,000.

Katika bweni tuna desturi mbaya ya kumcheka mwenzetu anayeamka mara nne usiku kwenda chooni, na akirudi anakunywa maji kopo zima. Huyo apelekwe kwa mganga kesho yake, tena asinyimwe maji njiani. Kipimo cha sukari katika damu hakichukui hata dakika moja. Sukari ikiwa juu, ni melitasi, na kijana akikawia kupata insulini aweza kuzimia na kufa katika muda wa siku chache. Sukari ikiwa ya kawaida, mganga atapima kama mkojo ni mwepesi kupita kiasi, na mengine yatafanywa hospitalini. Wako wanaodhani dawa ya mkojo mwingi ni kumzuia mtu asinywe. Kwa mgonjwa wa insipidasi kufanya hivyo ni kumkausha akiwa hai.

Chanzo cha maradhi haya mawili kilijulikana kwa njia mbalimbali. Mwaka wa 1889, huko Strasbourg, Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akawa na kisukari. Mwaka wa 1921 Banting na Best wa Toronto, nchi ya Kanada, waliipata dawa iliyomo ndani ya kongosho, na Januari 1922 ilidungwa kwa kijana Leonard Thompson wa miaka 14, aliyekuwa amebaki mifupa na ngozi. Sindano ya kwanza haikufaa. Ya pili, baada ya Collip kuisafisha dawa, ilimwinua. Aliishi mpaka 1935. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huo alihesabiwa miezi tu.

Dawa ya insipidasi ilitangulia kidogo. Mwaka wa 1913 von den Velden huko Ujerumani na Farini huko Italia, kila mmoja peke yake, waliwadunga wagonjwa maji yaliyokamuliwa katika tezi ya pituitari ya wanyama, na mkojo ukapungua mara moja. Tezi hiyo ni ndogo kama punje ya dengu, nayo inaning'inia kwa kikonyo chini ya ubongo. Na sasa turudi kwenye lile duara. Kikonyo hicho kinapita katikati ya Duara la Willis. Mtu yule aliyeonja ugonjwa mmoja na kusema kwamba wa pili haupo, alikuwa ameshika mkononi mahali unapotokea, akaamuru pachorwe, wala hakujua. Simlaumu, hata Wren aliyechora hakujua.

Siku hizi mgonjwa wa insipidasi aliyekosa vasopresini hutumia desmopresini, kwa vidonge au kwa kupuliza puani, akaishi kama watu wengine. Insulini haimfai kitu. Lakini jina liliendelea kuleta balaa. Mgonjwa hulazwa kwa mguu uliovunjika, na mwuguzi anaona neno dayabetisi katika cheti chake. Basi humpima sukari kila saa, na sukari ni nzuri, huku desmopresini imesahauliwa kabatini na mgonjwa analilia maji. Katika nchi zenye hospitali kubwa kuliko zetu watu wamekufa hivyo, kitandani, mbele ya madaktari.

Kwa sababu hiyo, mwaka wa 1922 ukiwa umepita kwa miaka mia moja kamili, yaani 2022, madaktari wa homoni kutoka nchi mbalimbali walipendekeza jina la insipidasi liachwe. Badala yake ugonjwa uitwe upungufu wa vasopresini, au ukinzani wa vasopresini pale ambapo figo ndizo zisizosikia. Kwa Kiswahili badiliko hilo ni jepesi kuliko kwa Kiingereza, maana sisi neno letu lina sukari ndani yake. Kumwita kisukari mgonjwa asiye na sukari ni kosa ambalo hata mtoto wa darasa la nne angelisahihisha. Kwa muda huu madaktari wameshauriwa waandike jina jipya, na la zamani walitie katika mabano kando yake, mpaka wote watakapokuwa wamezoea.